Lydia Maria Child: Mapishi ya Bei Rahisi na Gharama ya Kusema Kweli

Bandika maji kwa kadiri ya ukubwa wa familia. Chekecha unga wa mahindi. Chukua vijiko vichache vya unga huo uvikoroge kwenye bakuli la maji, na maji ya sufuriani yakishachemka, mimina humo, koroga, acha uji utokote mpaka uwe mzito. Tia chumvi. Halafu simama hapohapo, uwe unanyunyiza unga konzi kwa konzi huku unakoroga, hadi mwiko ukugomee. Muda wake ni kama nusu saa.

Nilipowasomea wenzangu wa chumbani maelezo haya, mmoja aliuliza, "Hivi unamfundisha nani kusonga ugali?" Simfundishi mtu. Hayo ni mapishi yaliyomo katika kitabu kinachoitwa The Frugal Housewife, kilichotoka Boston, Marekani, mwaka 1829, nami nimeyaeleza kwa maneno yangu. Mwandishi wake, Lydia Maria Child, alikuwa na miaka 27. Watu wa kwao chakula hicho walikila kwa maziwa au kwa molasi, ule urojo mweusi mtamu unaobaki miwa inapotengenezwa sukari. Ishikeni hiyo molasi, maana tutairudia.

Kufanana huko na ugali wetu si muujiza. Mahindi asili yake ni Amerika. Wenyeji wa bara lile waliyalima kwa maelfu ya miaka kabla Mzungu hajatia mguu, na wahamiaji kutoka Uingereza waliyajua kutoka kwao. Huku kwetu yaliingia kupitia pwani baada ya safari za Wareno. Kwa hiyo mama wa Massachusetts wa mwaka 1829 na mwanafunzi wa hosteli wa leo wanakutana kwenye unga uleule, na mkono uleule unaochoka kukoroga.

Nimeamua kuandika juu ya mwanamke huyu kwa sababu mbili. Ya kwanza, sisi wa kitivo cha elimu tunakariri majina ya wanafalsafa wa elimu tangu mwaka wa kwanza, na karibu wote ni wanaume walioandika juu ya shule. Waliofundisha watu wengi kupitia jikoni hawamo. Nilipogusia jambo hili kwenye semina moja, watu walicheka, eti upishi nao ni mada? Sababu ya pili ni kwamba maisha ya Child yanauliza swali ambalo litatukuta sote tukishaajiriwa: ukishapendwa na watu, utakuwa tayari kuwaambia wasichotaka kusikia?

Mtoto wa mwoka mikate

Alizaliwa Februari 11, 1802, katika mji wa Medford, karibu na Boston. Baba yake, Convers Francis, alikuwa mwoka mikate, akijulikana kwa biskuti zake kavu zilizobeba jina la mji huo. Mama yake alifariki mwaka 1814, binti akiwa na miaka 12, naye akapelekwa kuishi kwa dada yake aliyeolewa huko Maine. Huko ndiko alikojifunza kazi za nyumba kwa vitendo: kuoka, kushona, kulea watoto wa dada.

Alikuwa na kaka, naye aliitwa Convers kama baba yao. Kaka huyo alipelekwa Chuo cha Harvard, akawa mchungaji, na baadaye profesa hapohapo. Lydia naye alipenda vitabu, lakini Harvard haikuwa ikipokea wanawake. Alisoma kwenye vishule vya kawaida, kisha akajisomea mwenyewe na kumwandikia kaka yake barua za kubishana juu ya vitabu. Alipofika umri wa kujitegemea akawa mwalimu huko Maine, na baadaye akafungua shule yake mwenyewe Watertown, Massachusetts. Yaani kabla hajawa mwandishi mashuhuri, alikuwa mwalimu wa darasani kama tutakavyokuwa sisi.

Mwaka 1824 alitoa riwaya yake ya kwanza, Hobomok, inayosimulia mwanamke wa Kizungu aliyeolewa na mwenyeji wa Amerika. Kwa wakati ule lilikuwa jambo la kushtua. Mwaka 1826 alianzisha jarida la watoto, Juvenile Miscellany, na watoto wa New England wakawa wanalisubiri kwa hamu. Mwaka 1828 aliolewa na David Lee Child, mwanasheria na mhariri wa gazeti. David alikuwa mtu wa msimamo, mwenye moyo mzuri, lakini kwenye pesa, jamani, hapana. Kesi za kashfa zilimwandama, na madeni nayo. Aliyelisha nyumba ni mke, kwa kalamu yake.

Kitabu cha wasioona haya

Hapo ndipo kilipozaliwa The Frugal Housewife. Siku zile vitabu vingi vya mapishi vilivyosomwa Marekani vilikuwa vya Uingereza, au vilinakili vya Uingereza. Alikuwapo aliyetangulia: Amelia Simmons, aliyejitambulisha kwenye jalada lake kuwa ni yatima wa Kimarekani, alichapisha American Cookery mjini Hartford mwaka 1796, na kinahesabiwa kuwa kitabu cha kwanza cha mapishi kilichoandikwa na Mmarekani na kuchapwa nchini humo. Simmons ndiye aliyeingiza mahindi ya nyumbani kwenye kurasa. Child alikwenda mbele zaidi, maana yeye alichagua msomaji wake. Alikitabaruku kitabu kwa watu wasioona haya kubana matumizi, na aliwaambia wazi kwamba vitabu vya wenye nacho vipo vya kutosha. Chake ni cha wenye kipato kidogo, wasio na mtumishi wa kuwaamrisha.

Ukikifungua, unaona mara moja kwamba aliyeandika ameishi anachokisema. Wazo lake la msingi, analoanza nalo, ni kwamba ubanaji matumizi ni ufundi wa kuokota vipande ili kisipotee kitu, na anahesabu vipande vya muda pamoja na vya vitu. Kisha anashuka kwenye mambo yenyewe. Karatasi na kamba zilizofungia bidhaa zitunzwe. Vitambaa vikuukuu visitupwe, vitauzika kwa watengeneza karatasi. Mama achungulie kwenye chungu cha mafuta machafu na kwenye ndoo ya makombo ya nguruwe, aone kama hakuna kinachofaa kuliwa na watu. Watoto wafundishwe mapema kazi yenye faida, kama kusuka majani makavu ya kutengenezea kofia au kuchuma matunda. Yamo mapishi ya kichwa cha ndama, ya utumbo, ya nyama zile za bei ya chini ambazo tajiri hazigusi.

Sehemu moja ilinichekesha. Kahawa ikiwa ghali, anaeleza watu wanavyojaribu kuibadilisha: wengine hukaanga maganda ya mkate, wengine nafaka, wengine njegere. Anataja kila moja na kasoro yake. Halafu anamaliza kwa kusema kwamba, baada ya yote, njia rahisi kuliko zote ni kuiacha kahawa. Ukiwa katikati ya muhula na bumu limekata, unajua kabisa anazungumza na nani.

Kitabu kilipendwa mno. Kilichapwa tena na tena, zaidi ya mara 30 katika miaka kama ishirini, na tangu mwanzoni mwa miaka ya 1830 kikaitwa The American Frugal Housewife ili kisichanganywe na kitabu cha Uingereza chenye jina kama hilo. Mwaka 1831 akatoa The Mother's Book juu ya malezi, na baada yake kitabu cha wasichana chenye michezo na kazi za mikono. Mwanamke wa Boston wa wakati ule alipika kwa maelekezo ya Bibi Child, akalea kwa maelekezo ya Bibi Child, na mwanawe akasoma jarida la Bibi Child.

Alifundishaje?

Tumtazame sasa kwa jicho la mbinu za kufundishia, maana hapo kuna somo letu.

Kwanza, alianza na alichonacho mwanafunzi. Maelekezo yake yanamkuta mama akiwa na sufuria moja na unga kidogo. Rudia yale mapishi ya mwanzo: maji ni kwa kadiri ya familia, chumvi ni kwa kadiri ya mdomo wako, na kipimo cha kuiva ni uzito wa mwiko mkononi. Asiye na mizani wala saa anaweza kufuata.

Pili, alieleza sababu. Baada ya kukuambia ufanye nini, mara nyingi anakuambia kwa nini, na usipofanya utapata hasara gani. Sisi tunaandika kwenye maandalio ya somo kwamba mwanafunzi "aelewe", halafu darasani tunamwandikia notisi ubaoni. Child hakuwa na ubao, ilimlazimu sababu aiweke ndani ya sentensi.

Tatu, aliunganisha jikoni na maisha ya nchi. Mwishoni mwa kitabu kuna sura juu ya kustahimili umaskini, juu ya wenye kipato cha kati, na juu ya elimu ya mabinti. Huko anawaonya wanandoa wapya wasimalize pesa zote kwa fanicha za sebuleni ili majirani waone. Waanze na kidogo. Anachokilaumu hasa ni watu kujitesa ili waonekane wanazo. Na kuhusu mabinti, analalamika kwamba wanalelewa wakiwaza ndoa kama mwisho wa safari, na kazi ya kweli hawaijui.

Tusimsifu kupita kiasi. Dawa za nyumbani anazozitaja nyingine ni za kubahatisha tu, zikiwemo zile za kupaka nta ya sikio kwenye midomo iliyopasuka. Tusizijaribu. Na kuwaweka watoto kwenye kazi ya kuingiza pesa, leo tungelijadili kwa namna nyingine. Lakini kama mwalimu wa watu wasio na shule, alikuwa fundi.

Sukari ilitoka wapi?

Sasa turudi kwenye molasi. Kwenye yale mapishi ya uji mzito wa unga Child anaitaja kwa asili yake: molasi ya visiwa vya Karibi. Mama wa Boston alipomimina kijiko kile juu ya chakula cha bei rahisi, kilikuwa rahisi kwa sababu kuna mtu hakulipwa. Miwa ya Karibi ililimwa na Waafrika waliotekwa na kuuzwa, pamoja na vizazi vyao. Pamba ya nguo alizozifundisha zitiwe viraka ililimwa na watumwa wa majimbo ya kusini mwa Marekani. Mchele wa Carolina vivyo hivyo.

Mwaka 1829 kitabu chake hakiulizi swali hilo. Kinahesabu senti za mnunuzi, na aliyelima hayumo kwenye hesabu. Ninadhani hapa ndipo mtu mwingine angebaki maisha yake yote: mwandishi anayependwa, mshauri wa nyumba nadhifu, mwenye kula kwa jasho lake. Child hakubaki. Mwanzoni mwa miaka ya 1830 alikutana na William Lloyd Garrison, mhariri wa gazeti la kupinga utumwa The Liberator, akaanza kusoma. Alisoma sheria za utumwa, historia ya biashara ya watumwa, habari za Afrika. Aliyezoea kuuliza chungu hiki kimepotea wapi mafuta akaanza kuuliza nchi hii imepata wapi mali.

Mwaka 1833

Mwaka huo alichapisha An Appeal in Favor of That Class of Americans Called Africans, yaani wito wa kuwatetea Wamarekani wale wanaoitwa Waafrika. Angalia jina lenyewe. Kwenye jalada tu ameshasema kwamba hawa ni Wamarekani. Kilikuwa miongoni mwa vitabu vya mwanzo kabisa vya Mmarekani mweupe kudai watumwa waachiwe mara moja, bila kungoja wala kuwarudisha Afrika. Ndani yake analinganisha utumwa wa Marekani na wa zama za kale, anapiga hesabu kuonyesha kwamba kazi ya mtu huru ina tija kuliko ya mtumwa, na anatoa mifano ya akili na ustaarabu wa watu weusi kuwajibu waliodai kwamba hawawezi kitu.

Kilichowauma wasomaji wake zaidi ni sura ya mwisho. Watu wa kaskazini walizoea kuwanyooshea kidole wa kusini. Child akawageuzia kioo: na ninyi je, mnaowatenga watu weusi kwenye shule, makanisani na kwenye magari ya abiria? Aliishambulia hata sheria ya jimbo lake la Massachusetts iliyokataza ndoa kati ya weupe na weusi, sheria iliyokuja kufutwa mwaka 1843. Alijua atakachokipata. Kwenye utangulizi anawaomba watu wasikitupe kitabu kwa kuona jina tu, na anakiri kwamba anategemea kuchekwa na kulaumiwa.

Malipo yalikuja haraka. Boston Athenaeum, maktaba kubwa ya mji iliyokuwa imempa heshima ya kusoma bure, iliiondoa heshima hiyo. Marafiki wa tabaka la juu wakafunga milango. Mauzo ya vitabu vyake yakaporomoka, hata vile vya jikoni na malezi visivyokuwa na neno moja juu ya utumwa. Wazazi wakaacha kulilipia jarida la watoto, na mwaka 1834 ikambidi aliachie. Likachukuliwa na Sarah Josepha Hale, naye mwandishi wa mambo ya nyumbani, aliyekuwa mwangalifu zaidi.

Tulizingatie hilo. Mapishi ya mkate hayakubadilika kati ya Julai na Desemba 1833. Unga ulikuwa uleule. Kilichobadilika ni kwamba msomaji alikuwa amemjua aliyemfundisha kuoka ana msimamo gani juu ya mtu mweusi, na akaona heri asioke kwa maneno yake. Na yeye hakuwa tajiri wa kusema potelea mbali. Mume alikuwa na madeni, na kalamu ndiyo iliyokuwa mshahara.

Lakini kitabu kilifika kilikokusudiwa. Mchungaji maarufu William Ellery Channing alikisoma, akatembea kwa miguu hadi nyumbani kwake kuzungumza naye. Charles Sumner, aliyekuja kuwa seneta mkali wa kupinga utumwa, alikiri kwamba kitabu hicho kilimjenga.

Mume naye hakukaa bure. David alikwenda Ulaya kujifunza namna ya kutengeneza sukari kutokana na viazisukari, ili Wamarekani wapate sukari isiyo na jasho la mtumwa. Mwaka 1838 wakahamia Northampton, Massachusetts, kulima. Mke alilima, akapika, akafua. Mradi ulishindwa, na madeni yakaongezeka. Hata hivyo mimi naiona ile shamba iliyoshindwa kama jibu la kijiko cha molasi cha mwaka 1829. Waliona kosa limo ndani ya sahani yao, wakajaribu kulirekebisha kuanzia sahani.

Mwoka mikate mwingine

Kuanzia 1841 hadi 1843 Child aliliongoza gazeti la wapinga utumwa la National Anti-Slavery Standard huko New York. Mwaka 1843 alitenganisha fedha zake na za mumewe, maana sheria ya wakati ule ilimpa mume haki juu ya mapato ya mke, na madeni ya David yangemeza kila senti.

Mwaka 1859 John Brown alishambulia ghala la silaha la Harpers Ferry ili kuwakomboa watumwa, akajeruhiwa na kukamatwa. Child alimwandikia Gavana Wise wa Virginia akiomba ruhusa ya kwenda kumuuguza mfungwa. Barua zao zikatoka magazetini. Akaingilia kati Bibi Mason, mke wa seneta wa Virginia, akimshutumu na kumuuliza kama yeye huwahudumia wanawake maskini wakati wa uchungu kama mabibi wa kusini wanavyowahudumia watumwa wao. Child akamjibu kwamba kaskazini nako wanawake husaidiwa kujifungua, isipokuwa wao wakishamsaidia mama, hawamuuzi mtoto. Barua hizo zilichapwa kama kijitabu mwaka 1860, zikasambazwa nakala zipatazo 300,000.

Kisha akaja Harriet Jacobs. Huyu alizaliwa mtumwa Edenton, North Carolina, akamkimbia bwana aliyekuwa akimnyanyasa, akajificha karibu miaka saba kwenye upenyo mdogo wa darini kwa bibi yake kabla ya kutorokea kaskazini. Aliandika maisha yake mwenyewe, na Child akawa mhariri. Kitabu, Incidents in the Life of a Slave Girl, kilitoka mwaka 1861. Kwa muda mrefu wasomi walidhani Child ndiye aliyekitunga, kwa kuwa hawakuamini kwamba mtumwa angeandika vile, hadi utafiti wa Jean Fagan Yellin katika miaka ya 1980 ulipothibitisha kwamba mwenye kitabu ni Jacobs.

Mle ndani yumo bibi yake Jacobs, na kazi yake ilikuwa nini? Mwoka mikate. Mchana alimtumikia bibi wake wa Kizungu, usiku alioka biskuti kavu na kuziuza, akitafuta pesa za kuwakomboa watoto wake. Alidunduliza dola 300. Bibi wa Kizungu akazikopa akaahidi kulipa, na hakulipa. Kisheria mtumwa hakuweza kudai, kwa kuwa mtumwa mwenyewe ni mali.

Nimeisoma habari hiyo sambamba na The Frugal Housewife. Baba yake Child alioka biskuti Medford, akanunua nyumba na kumsomesha mwanawe Harvard. Bibi yake Jacobs alioka biskuti Edenton, na akiba yake ikaliwa na anayemmiliki. Bidii ileile na tanuri lilelile. Kwa hiyo ule ushauri wa kuokota vipande na kuweka akiba, mzuri kama ulivyo, una sharti lake: uwe na haki ya kumiliki ulichookota. Sijui kama Child aliliwaza kwa maneno hayo, ila kazi alizozifanya baada ya 1833 zinakwenda huko.

Kitabu cha waliokombolewa

Mwaka 1865 vita viliisha na utumwa ukafutwa. Mamilioni ya watu walikuwa huru, na wengi hawakujua kusoma kwa sababu majimbo kadhaa ya kusini yalikuwa yamekataza kisheria kuwafundisha. Child, akiwa na miaka 63, akaandaa The Freedmen's Book, kitabu cha kusomea, akitoa pesa zake mwenyewe kusaidia kichapwe na kiwafikie kwa bei nafuu.

Wale tunaosoma elimu ya watu wazima tukitazame vizuri. Mwanafunzi wake ni mtu mzima aliyenyimwa herufi. Hakumpa hadithi za paka na mbwa. Alimpa maisha ya Toussaint L'Ouverture aliyewaongoza watumwa wa Haiti, ya Benjamin Banneker mnajimu na mwanahisabati, ya Phillis Wheatley mshairi, ya Frederick Douglass. Kwenye orodha ya yaliyomo akatia alama ya nyota kwenye majina ya waandishi weusi, ili msomaji ajue kwamba haya yameandikwa na mtu kama yeye. Miongoni mwao ni Harriet Jacobs, na kipande chake kinamhusu yule bibi mwoka mikate.

Kina upungufu wake pia. Humo kuna mawaidha juu ya usafi, adabu na kutunza pesa yanayosikika kama ya mama mkubwa asiyenyamaza, kana kwamba watu walioishi kwa kidogo miaka yote walihitaji kufundishwa kubana. Tabia ya jikoni ya mwaka 1829 haikumtoka.

Milo 360

Nimalizie na orodha moja. Mwisho wa mwaka 1864 Child aliorodhesha alichokifanya mwaka mzima. Aliandika barua 235 na makala 6 za magazeti. Alisoma kwa sauti vitabu 21. Na kwenye karatasi hiyohiyo, bila kutenganisha: alipika chakula cha mchana mara 360, kifungua kinywa mara 362, alifagia na kufuta vumbi sebuleni na jikoni mara 350, alijaza taa mara 362, na kazi nyingine ndogondogo zisizo na idadi.

Ukiniuliza, orodha hiyo ndiyo kitabu chake bora. Tunasoma wasifu wa watu wakubwa na hatuambiwi nani alipika. Yeye aliziandika kazi zote kwenye daftari moja, barua ya kupinga utumwa ikikaa jirani na ufagio. Alifariki Oktoba 20, 1880, Wayland, Massachusetts.

Mwezi ujao wengi wetu tunakwenda mazoezi ya kufundisha. Tutapendwa na wanafunzi, tutaitwa "madam" na "tichaa", na wazazi watatuamini. Siku moja tutaona jambo lisilo sawa, pengine binti anayetumwa kazi za nyumbani kwa mwalimu wakati wenzake wako darasani, na tutajua kwamba tukisema, kupendwa kutapungua. Child alikuwa na miaka 31 ilipofika siku yake. Mimi nina 22, na nimeanza kufanya mazoezi ya kuikubali hasara hiyo kabla haijafika, maana ikikukuta ghafla ni rahisi sana kunyamaza na kuendelea kukoroga uji.

Maswali ya kujadili kwenye vikundi

1. Chagua chakula kimoja unachokula kila siku hapa chuoni. Eleza nani alikilima, nani alikisafirisha, nani alikipika, na kila mmoja alipata nini.

2. Je, kubana matumizi ni jibu la umaskini? Tumia mfano wa baba yake Child na wa bibi yake Jacobs.

3. Orodhesha kazi zote ulizofanya jana, za masomo na za nyumbani, kwenye orodha moja. Linganisha orodha za wavulana na za wasichana kwenye kikundi chako.

4. Mwalimu anayepoteza wanafunzi kwa sababu ya msimamo wake, amefaulu au ameshindwa? Toa hoja za pande zote mbili.